Gari la Vumbi na Alama ya Kitana

Fundi cherehani alikuwa na macho mawili kama watu wote. Lakini akishika kitambaa, macho yake yalikuwa kumi. Hakukata kitambaa kabla ya kukigeuza nje ndani. Alikipeleka mlangoni penye mwanga, akakipitishia kiganja. Kama kuna uzi umekatika, aliuona. Kama kuna doa, alimwonyesha mwenye kitambaa hapohapo.

"Ukishakata, kosa ni lako," aliwaambia wateja. "Hata kama limetoka kiwandani."

Mtu huyuhuyu ndiye aliyekwenda kukodi gari gizani. Binadamu ndivyo tulivyo. Akili ya kazini tunaiacha kazini, imetundikwa msumarini pamoja na koti.

Mambo yalianza na mama mkwe wake. Nyumbani kila mtu alimwita Bibi. Bibi alikuwa na hadithi moja, na hadithi hiyo ilikua kila mwaka kama mtoto anayekula vizuri. Baba yake alikuwa mwashi. Ujanani alikwenda kukarabati ngome ya kale, mbali na mji wao. Hapo palikuwa na ukweli. Kisha Bibi aliongeza kwamba baba yake alibeba mlango wa ngome mgongoni, peke yake, huku anapiga mluzi. Mwaka uliofuata, juu ya mlango huo alikuwa amekaa msimamizi wa kazi, anakunywa chai.

"Na chai haikumwagika, Mama?" Fundi aliuliza.

"Hata tone, mwanangu. Baba alikuwa na mwendo laini."

Sehemu moja tu ya hadithi haikubadilika. Bibi alisema waashi wengine waliacha alama ya mwiko wa kupakia plasta kwenye kazi yao. Baba yake aliacha alama ya kitana. Aligandamiza meno ya kitana chake cha nywele kwenye plasta mbichi, chini ya ngazi ya mnara.

"Alipenda nywele zake kuliko alivyotupenda sisi," Bibi alisema.

"Mama, tumesikia," binti yake, mke wa Fundi, alimjibu. "Lakini nani ameiona hiyo alama?"

Bibi alijitengeneza kanga. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika huko.

Siku moja redio ilitangaza habari. Ngome ile ingefungwa mwisho wa mwezi kwa ukarabati mkubwa. Ingefunguliwa baada ya miaka mitano.

Bibi alizima redio.

"Miaka mitano ya kusubiri mimi sina," alisema. "Na wakibandua plasta ile, mtaniita mwongo mpaka kaburini."

Hakuna aliyecheka. Basi la abiria halikufika ngomeni, na magoti ya Bibi yalikuwa yameshastaafu. Fundi alikuwa na akiba ya kununua cherehani mpya. Akaamua kukodi gari.

Alitafuta ofisi yenye bei ya chini kuliko zote. Akaipata. Mwenye ofisi alikuwa anatabasamu tangu mlangoni, na hakuacha. Alitabasamu akihesabu pesa, akapokea simu ya msiba huku anatabasamu. Kwa sababu hiyo tutamwita Tabasamu.

"Bei ndiyo hiyo tu?" Fundi aliuliza.

"Hiyo tu, mzee wangu. Utaweka na dhamana kidogo. Gari likirudi salama, dhamana yako unarudishiwa."

"Na bima?"

"Bima ipo!"

Fundi hakuuliza ni bima ya nini. Alipelekwa gereji nyuma ya ofisi. Jua lilikuwa limezama na taa ilikuwa moja. Gari lilikuwa limejaa vumbi kutoka paa hadi magurudumu.

"Vumbi ni dalili ya gari linalofanya kazi," Tabasamu alisema. "Weka saini hapa."

Karatasi ilisema gari ni zima, halina mkwaruzo wala pengo. Fundi aliweka saini nzuri, yenye mkia.

Asubuhi waliondoka na nyimbo. Katikati ya njia, tairi lilipasuka. Fundi alifungua buti kutafuta tairi la akiba. Mahali pa tairi palikuwa na kandambili moja, ya mguu wa kushoto.

"Labda ndiyo yenyewe," Bibi alisema. "Ifunge tuone."

Dereva wa lori aliwasaidia kupata fundi wa matairi. Mpaka gari linasimama tena kwa miguu yake minne, ngome ilikuwa inakaribia kufungwa kwa siku hiyo. Wakageuza. Bibi alitazama nje ya dirisha mpaka nyumbani.

Mke wa Fundi alilelewa vizuri. "Kitu cha watu kinarudishwa kisafi," alisema. Akalitia gari maji na sabuni, akalisugua. Vumbi lilipotoka, mikwaruzo ikatokea. Ilikuwa mlangoni, kwenye bampa na juu ya taa. Fundi alisimama na ndoo mkononi kama mtu aliyeona suruali ya mteja imetoka na mguu mmoja. Hata hivyo, walilirudisha gari ofisini.

Tabasamu alizunguka gari mara moja tu. Alijua pa kutazama.

"Mzee wangu, mmelikwaruza."

"Ilikuwepo! Ilikuwa chini ya vumbi!"

"Lakini saini yako inasema gari lilikuwa zima." Alitabasamu. "Dhamana itabaki kwa matengenezo. Na asante kwa kuliosha."

Kesho yake jirani yao aliingia kwa Fundi na sketi ya kupanua. Jirani huyo alikuwa mwalimu wa udereva. Alikuwa amefundisha nusu ya mtaa, Fundi akiwemo. Watu walimwita Mama Breki, kwa sababu mguu wake wa kulia ulikanyaga breki popote alipokaa, hata kwenye kiti cha kinyozi. Alimkuta Fundi ameinamia cherehani ya zamani, hashoni.

Fundi alimsimulia yote. Mguu wa Mama Breki ulikanyaga sakafu mara nyingi wakati wa hadithi hiyo.

"Ulipiga picha ya gari kabla ya kuondoka?"

"Hapana."

"Ulisoma mkataba?"

"Niliuona."

"Basi pesa hiyo ihesabu ni ada ya shule. Umeshalipa, sasa soma." Alivuta kiti. "Mimi nikikuletea kitambaa, unafanya nini kwanza?"

"Nakipeleka mwangani."

"Kwa nini?"

"Nione kasoro kabla sijakata. Nikishakata, kosa ni..." Fundi aliweka mkasi chini taratibu.

"Endelea, mwalimu," Mama Breki alisema. "Nakusikiliza wewe sasa."

Wakazungumza mpaka sketi ikasahaulika. Mama Breki alimweleza kwamba gari la kukodi hupokelewa mchana, likiwa safi, na mwenye gari akiwa pembeni. Mnalizunguka pamoja. Kila mkwaruzo unapigwa picha na kuandikwa kwenye mkataba kabla ya saini. Geji ya mafuta inapigwa picha pia, na kilomita za gari. Tairi la akiba na jeki unavitazama kwa macho, huambiwi kwa mdomo.

"Na bima?" Fundi aliuliza. "Aliniambia ipo."

"Hata mwavuli upo, lakini una matundu. Usiulize kama bima ipo. Uliza hivi: nikipasua kioo, nani analipa? Nikikwaruza mlango, nani analipa, na mwisho wake kiasi gani? Jibu liwe kwenye karatasi."

"Lakini bei yake ilikuwa rahisi sana."

"Rahisi ilikuwa chambo. Bei ya kweli ni ile ya mwisho, ukishajumlisha bima, kodi ya serikali na kila kitu. Ofisi nyingine zinataja kubwa mwanzoni, lakini inaishia hapohapo."

Mama Breki alipiga simu kwenye ofisi mbili anazoziamini. Magari yote yalikuwa yamechukuliwa mpaka mwezi ujao. Na ngome ilibakiza siku chache kufungwa. Gari lilikuwepo kwa Tabasamu tu.

Fundi aliguna. "Kwa yule? Tena?"

Bibi alikuwa mlangoni, anasikiliza. "Nyoka ukishajua shimo lake, unapita na fimbo," alisema. "Twende na fimbo."

Fimbo yao ilikuwa ndoo, kitambaa, simu na futi ya kupimia nguo. Walifika mchana pamoja na Mama Breki, jua likiwa kichwani. Gari lilikuwa lilelile, na vumbi lake jipya.

"Naomba maji," Fundi alisema.

"Ya kunywa, mzee wangu?"

"Ya kuosha gari."

"Utaliosha ukirudi!"

"Nikirudi nitakuwa nimechoka."

Aliliosha, akalikausha. Halafu macho yake kumi yakarudi kazini. Alipitisha kiganja kwenye kila mlango. Kila alipokuta mkwaruzo, aliweka futi pembeni yake, akapiga picha. "Mlango wa kushoto, shubiri moja. Bampa, vidole vinne. Andika." Tabasamu aliandika. Tabasamu lake lilianza kulegea upande mmoja, kama pindo lisiloshonwa vizuri.

"Tairi la akiba," Fundi alisema.

"Lipo."

"Tulione."

Lilitolewa kwenye gari jingine. Mama Breki aliliminya, akakubali. Aliuliza pia maswali yake ya bima, na majibu yakaandikwa. Fundi alisoma mkataba mpaka nukta ya mwisho. Kisha akaweka saini, bila mkia.

Kesho yake alfajiri waliondoka, na safari hii walifika ngomeni mapema. Karibu na lango mwanamume mmoja aliwakimbilia.

"Dirisha la tiketi limefungwa leo! Nipeni mimi pesa, nitawapitisha nyuma."

"Kitambulisho chako cha uongozaji kipo wapi, mwanangu?" Bibi aliuliza.

"Nimekisahau nyumbani, Bibi."

"Basi kimbia ukakae nacho, kisijisikie mpweke."

Dirisha la tiketi lilikuwa wazi. Walilipa, wakapewa risiti na mwongozaji, dada mwenye kitambulisho kifuani. Aliwaonyesha kuta nene, kisima na matundu ya walinzi kuchungulia adui. Bibi alimsimulia habari ya mlango, msimamizi na chai.

"Mlango huo una uzito wa ng'ombe watano, Bibi," mwongozaji alisema kwa upole.

"Kwa hiyo unaona mwenyewe baba alikuwa mtu gani."

Walipofika kwenye mnara, Bibi alitangulia mbele. Aliinama chini ya ngazi. Mke wa Fundi alimulika kwa simu. Plasta ilikuwa ya kijivu, imejaa nyufa. Waliona alama za mwiko, moja, nyingine, nyingine. Kitana hakikuwepo. Mke wa Fundi alianza kumwonea mama yake huruma.

"Mama, labda..."

"Kule pembeni," Fundi alisema. Alikuwa amepiga magoti, na jicho lake moja limefumbwa, kama anayetafuta uzi uliokatika.

Ilikuwepo. Mistari midogo, imepangana sawasawa. Katikati palikuwa na nafasi, kwa sababu kitana kilikuwa na pengo la jino moja.

"Lile pengo!" Bibi alisema. "Jino hilo nililivunja mimi. Nilichapwa."

Alinyoosha mkono. Mwongozaji aliuzuia bila kuugusa.

"Samahani, Bibi. Mkono una jasho na mafuta. Mkono mmoja hauna neno, lakini wanaokuja hapa ni maelfu. Kila mmoja akigusa, alama itakwisha."

"Hata mimi? Ni baba yangu."

"Hasa wewe. Wengine wataifuta kwa kutojua, lakini wewe unaijua thamani yake."

Bibi alifikiri. Kisha akarudisha mkono kwenye kanga yake. "Na kile kipande kilichoanguka chini? Kidogo tu?"

"Hata hicho ni cha ngome. Lakini picha ni zako zote."

Fundi alishika futi hewani, mbali kidogo na ukuta, akapiga picha. Mwongozaji naye alipiga ya kwake. Aliandika jina la mwashi na maneno ya Bibi.

"Plasta hii ilikuwa kwenye mpango wa kubanduliwa," alisema. "Siwezi kuahidi. Lakini wataalamu wa ukarabati nitawaonyesha leo."

Kesho yake mchana, ofisi ikiwa wazi, walirudisha gari. Mafuta yalikuwa yamejaa kama walivyoyakuta, na risiti ya kituo ilikuwa mfukoni. Tabasamu alizunguka gari mara moja tu. Alijua pa kutazama.

"Mzee wangu, mlango wa kushoto..."

Fundi alifungua simu. "Mlango wa kushoto, shubiri moja. Tarehe hiyo hapo. Na mkatabani umeandikwa."

"Bampa..."

"Vidole vinne. Huu hapa."

Kidole cha Fundi kiliteleza, na picha iliyofuata ikatokea. Ilikuwa na mistari mingi, kwenye kitu cha kijivu, na futi pembeni yake.

Macho ya Tabasamu yaling'aa. "Na huu je? Huu haumo mkatabani! Upo wapi huu?"

Alizunguka gari. Akainama chini ya bampa. Akachungulia nyuma ya magurudumu, akapapasa paa. Jasho lilimtoka.

"Mama, tumwambie?" Fundi alinong'ona.

"Kwanza alete dhamana na risiti ya kupokea gari," Bibi alisema.

Vikaletwa. Bibi alizitazama pesa, akazitia kifuani, akaishika karatasi mwangani kama mkwewe anavyoshika kitambaa.

"Huo mkwaruzo ni wa baba yangu," alisema. "Upo ngomeni, chini ya ngazi. Ulikuwepo kabla wewe hujazaliwa, na tuna picha."

Wakatoka nje. Mke wa Fundi alimshika mama yake mkono wakati wa kuvuka barabara.

"Mama, na ule mlango? Kweli aliubeba peke yake?"

"Peke yake," Bibi alisema. "Na msimamizi aliomba chai ya pili."

Safari hii hakuna aliyebisha.