Nani Alifunga Liboke?

"Nani alifunga hii liboke?"

Simone alikuwa mbele ya kaunta ya duka la Maurice, sokoni Mangobo, akinyooshea kidole samaki waliofungwa kwenye majani. Jumapili, siku ya Mungu, baba yake angepanda mto kutoka Yanonge, ale kwa mama yake Maurice, kisha wapange mahari. Na leo mchumba wake huyu kaletewa chakula na mwingine!

"Chérie, sikiliza..."

"Usiniite chérie! Hivi wanafungaka wanamuke wa muto. Miye sikukupikia. Donc ni Falonne!"

Falonne, msichana wa Isangi, mji mwingine wa mtoni, aliyeuza vitenge dukani humo, aliinua kichwa.

Wivu huo ulikuwa wa zamani. Wateja waliwachanganya yeye na Falonne kila siku. Wiki iliyopita Maurice mwenyewe alimwandikia kwenye simu: "Nimekuitia Falonne njiani nikifikiri ni wewe! Ninyi watu wa muto muko sawa tu." Simone hakulala. Wasichana wa Kinande, kabila la Maurice, wapite dukani wamejipamba, shauri yao. Lakini huyu wa Isangi! Kama wako sawa, Maurice alimpendea nini yeye?

"Watu wa Isangi munaigaka kila kitu yetu," alifoka, "mpaka wanaume!"

"Yaya Simone," Falonne akamwita kama dada mkubwa, "kwetu wanasema ni ninyi munatuigaka."

Pazia la stoo likafunguka. Akatoka Mama Kahambu, mama yake Maurice, viganja vimelowa. Simone alitamani ardhi immeze.

"Ni miye nilifunga. Nilimuomba Falonne anifundishe, papa yako akute chakula ya kwenu. Sisi watu wa Butembo majani inatupasukiaka."

Simone akapiga magoti. "Mama, munisamehe."

"Si miye ulitukana."

Hapo machozi yakamtoka. Akageuka. "Falonne, nilikuchukia juu ya vile tunafanana. Niliona sina kitu yangu peke yangu."

"Na miye sipendaka kuitwa Simone," Falonne alijibu, naye akilia. "Bon, simama, unachafua liputa yako, hii kitenge muzuri."

"Na wewe, Maurice?" mama akauliza. "Wako sawa?"

"Hapana, mama. Falonne anachekaka. Huyu wangu anagombanaka tu. Ndiyo huyu nilichagua."

Simone alimpiga kofi begani, akicheka na kulia.

Siku ya Mungu, nyumbani kwa Mama Kahambu, Papa Zacharie, baba yake Simone, alionja samaki, akafumba macho.

"Aaa! Huu mukono ya Yanonge!"

"Hapana, papa." Simone alimvuta Falonne akae ubavuni pake. "Mukono iko ya Butembo. Na mwalimu iko wa Isangi."

Mzee alitafuna, akawatazama Simone, Falonne na Mama Kahambu, kisha akasogeza sahani aongezewe.

"Alors," akasema, "tuongee mahari."