Spika Iliyogeukia Ziwa

Jua lilikuwa limeinamia milima ya Zaire ng'ambo ya ziwa Feliksi alipoteremka ufukweni Kibirizi na mfuko wake wa spana. Hofu hakuwa nayo. Alikuwa na aibu kidogo tu, ile ya fundi aliyeitwa arudi kwenye kazi aliyokwisha kusema imekamilika.

Ulikuwa mwaka ule watu wa ng'ambo walipovuka ziwa kukimbia vita. Maboti yaliwashusha pale mchangani, mume huku, mke kule, na wengine hawakushuka kabisa. Parokia ikatoa pikapu yake. Ikamwita Feliksi, fundi wa redio za magari kule mtaa wa Mwanga, aifungie amplifaya na spika mbili za tarumbeta juu ya keria, ili waliopotezana waitwe kwa majina. Kila jioni Veneranda, karani wa parokia na mzaliwa wa Kibirizi, alikaa kwenye kiti cha mbele na maiki. Mtu alimnong'oneza jina, naye akaliita.

Kazi ile Feliksi aliilipua. Tuseme ukweli, maana Mungu anaujua. Ilikuwa siku ya zoezi la kwaya, akamsingizia Mungu haraka yake. Nyaya alizimenya kwa meno, akazisokota kwa vidole, akazifunga nailoni badala ya kuzilehemu. Umeme akauchukua moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi, bila kuupitisha kwenye ufunguo. Bolti za spika hakuzitia washa, kile kipete kinachoizuia bolti isilegee. Alizikaza mpaka mkono ukachoka, basi. Kisha, palepale mchangani, gari likiwa limetazama ziwa, akashika maiki ajaribu mitambo.

"Feliksi hapa. Feliksi fundi. Mnanisikia?"

Watu walicheka. Hakuna aliyejibu. Akafunga mfuko wake akaenda kuimba.

Sasa Veneranda alimpokea ameshika kiuno.

"Fundi, gari letu linakoroma kuliko mume wangu. Na mume wangu ukimgeuza ubavu ananyamaza."

Akamweleza kwamba spika zinanguruma hata ufunguo ukichomolewa, na kwamba juzi zilitoa sauti kama ya mtu anayesukutua. Feliksi akacheka kidogo, akasema ni vumbi. Fundi gani hajawahi kusingizia vumbi?

Pembeni mwa gari alisimama Leonia, mwanamke wa Baraka, ng'ambo ya ziwa, mtoto mgongoni. Kila jioni alikuwa pale. Yeye alivuka na boti la kwanza. Mumewe, Bonifasi, alibaki apande la pili. La pili halikuonekana tena. Leonia hakuwa na jina lingine la kunong'ona.

Veneranda naye alikuwa na sharti lake, nalo halikutoka parokiani. Alilirithi kwa mama yake, aliyeanika dagaa ufukwe uleule. Jina la mtu asiyeonekana haliitwi kwa kuelekea maji wakati jua linazama. Unalipa ziwa kisogo, unaliita jina kuelekea milima ya huku nchi kavu, kwa walio hai. Ndiyo maana gari liliegeshwa kila siku limeyapa maji mgongo. Feliksi alipoelezwa sharti hilo mara ya kwanza, aliuliza kwa mzaha kama ziwa nalo lina masikio.

"Masikio si kitu," Veneranda alimjibu siku ile. "Lina mdomo."

Feliksi akafungua boneti. Nailoni ilikuwa imeyeyuka, nyaya ziko uchi, zinagusana na kuachana. Alitaka kusema ngojeni kwanza, kazi hii niliilipua, nisameheni. Maneno yalifika mdomoni, yakarudi.

"Haina neno," akasema. "Ita tu, niisikie inavyokwaruza."

Leonia akasogea, akanong'ona. Veneranda akainua maiki.

"Bonifasi... Bonifasi wa Baraka... Mkeo Leonia anakungoja Kibirizi."

Spika zikanguruma. Zikakwaruza. Kisha zikatulia, utulivu ambao mitambo mibovu haiwi nao.

"Leonia."

Maiki ilikuwa mapajani mwa Veneranda. Midomo yake ilikuwa imefumba.

Sauti ilikuwa ya mwanamume. Ya upole. Imelowa.

"Leonia... njoo. Maji hayana baridi."

Ikaja harufu. Tope la chini kabisa, na nguo zilizovundia majini. Feliksi akainua macho kwenye keria. Spika ya kulia ilitazama milima, kama alivyoiweka. Ya kushoto ilikuwa imejizungusha kwenye bolti yake, shimo kwa shimo, tuta kwa tuta la barabara yetu, pole pole, mpaka ikawapa kisogo walio hai.

Ilikuwa imetazama ziwa.

Jioni ngapi jina lile lilikuwa limeitwa kuelekea majini, na mwenye kuita asijue?

Leonia alikuwa ameanza kutembea. Hakukimbia. Alitembea kama mtu aliyeitwa kula.

"Ni yeye," alisema. "Ni sauti ya bwana yangu ile."

Veneranda akaruka kutoka garini, akamfuata.

"Leonia, mdogo wangu, usiitike. Ukiitika umekubali."

Feliksi akazima swichi ya amplifaya. Sauti haikukoma, na kitaa chekundu cha mtambo kikabaki kinawaka. Akachomoa ufunguo wa gari. Haikukoma, na kwa hilo hakushangaa, maana ni yeye aliyeupeleka umeme njia ya mkato. Akakimbilia betri. Waya ukamuunguza vidole. Akashika spana, ikateleza, akaishika tena, akafungua kichwa cha betri akaking'oa. Kile kitaa chekundu cha amplifaya kikafa.

Kimya...

Mawimbi...

"Leonia," spika ikasema. "Uje na mtoto."

Feliksi akautazama mkono wake. Betri ilikuwa imekatwa. Waya wenyewe alikuwa nao mkononi.

Maji yalikuwa yamefika kiunoni mwa Leonia. Veneranda amemkamata kitenge cha mbeleko, anavuta, na fundo la kitenge linafunguka kidogo kidogo. Mtoto halii. Ametazama mbele, majini, na anacheka kama watoto wanavyomchekea mtu wanayemjua.

Leonia akafungua mdomo ili aitike.

Feliksi alipanda keria bila kujua amepandaje. Akaikumbatia spika ya kushoto kwa mikono yote miwili. Chuma kilikuwa cha baridi, kimetoka ute kama samaki. Yale maneno yaliyofika mdomoni yakarudi, sasa yakatoka yenyewe. Mungu wangu, nisamehe, kazi hii niliilipua. Mimi. Niliilipua mimi.

Akaizungusha.

Haikushindana naye. Bolti isiyo na washa ikageuka kirahisi, kwa ubovu uleule ulioigeuza kwanza. Na ilipokuwa inageuka, mdomo wake ukapita karibu kabisa na sikio lake. Humo ndani mtu alikuwa anapumua.

"Feliksi fundi," ikasema taratibu. "Tunakusikia."

Haikuwa sauti moja.

Akauma ulimi mpaka damu ikamjaa mdomoni, asije akaitika. Akasukuma mara ya mwisho. Spika ikatazama milima.

Ikanyamaza.

Kule majini Leonia alifumba mdomo, akatazama huku na huku kama aliyeamshwa. Kisha akapiga yowe, akamvuta mtoto kifuani. Veneranda akamrudisha mchangani, wakakaa wote wawili, wamelowa. Feliksi hakushuka kutoka juu ya keria mpaka gari lilipoondoka ufukweni.

Baadaye mtu mmoja wa bandarini, anayeshughulika na redio za meli, alimwambia kwamba nyaya zilizofungwa ovyo hunasa mazungumzo ya maboti. Alisema ameona mengi ya namna hiyo. Feliksi alimshukuru. Alitamani sana kuamini. Hakumwambia kwamba betri ilikuwa imeng'olewa.

Na hili ndilo lililowanyima watu wa Kibirizi usingizi kuliko lile la kwanza. Kabla mvua hazijaisha, Bonifasi alikuja. Mzima. Boti lake lilikuwa limekosa njia, likawashusha mbali kusini, naye akatembea akitafuta, akilima vibarua mpaka kijiji cha Kidahwe, ndipo alipopata habari kwamba kuna gari linaita majina. Ziwa hata miguu yake halikuipata.

Basi ni nani aliyesema maji hayana baridi?

Wanasema Leonia hakumkimbilia. Alisimama mbali, akamtaka azungumze kwanza, lolote, ahesabu hata vidole. Alipomsikiliza alilia, wakakumbatiana. Lakini tangu siku hiyo alimkataza jambo moja, asimwite kwa jina akiwa nyuma yake.

Feliksi alikwenda parokiani bila kuitwa, akamwungamia padri, kisha akaifungua kazi yote na kuianza upya. Kila kiungo akakilehemu. Kila bolti akaitia washa, na nati ya pili juu yake. Leo hakuna fundi Mwanga anayefunga redio ya gari kwa uangalifu kama yeye. Wateja wanamlalamikia jambo moja tu, kwamba ni kiziwi. Ukimwita kutoka mlangoni hajibu. Anageuka kwanza, anakuona uso, ndipo anaitika.

Jina lake hajalitamka tena kwenye maiki. Hujaribu spika kwa Salamu Maria. Sala ile ina nusu mbili, kama Wakatoliki wajuavyo: mmoja huanza, wengine humjibu. Feliksi huzisema zote mbili mwenyewe, kwa pumzi moja, bila kutua katikati hata kidogo, asije mwingine akamjibu.

Majuzi kikohozi kilimkaba mwishoni mwa nusu ya kwanza.

Alikata nyaya za spika kwa koleo. Ndipo akakohoa.