Sekunde Sita Nyuma ya Pazia

Pazia halikuwa kitambaa. Lilikuwa chumba chembamba cha kioo cheusi, na katika jiji la Dodoma vilikuwapo vyumba vya namna hiyo mia nne. Mtafuta kazi aliingia, akaketi, mlango ukajifunga, na mtambo ukaanza kumvua kila kinachomtambulisha. Uso wake haukuonekana. Jina lake liligeuka tarakimu. Sauti yake, iwe nyororo au ya mikwaruzo, ilifika upande wa pili ikiwa sauti-wastani, isiyo ya kike wala ya kiume, isiyo ya kijana wala ya mzee. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwa mwiko kutajwa, sheria ilikataza. Huko upande wa pili hapakuwa na mtu bali msaili-mashine, aliyeuliza maswali kumi na mawili kisha akatoa alama ya ufaafu. Chini ya hamsini, hakuna mwajiri aliyekutazama.

Mlangoni paliandikwa: PAZIA HALIONI, HALIPENDELEI.

Eliwaza Mbwambo alitoka humo kwa mara ya tisa na kikaratasi mkononi. Arobaini na moja. Alikuwa na miaka hamsini na saba, na ishirini na minne kati ya hiyo aliimaliza akitunza minara ya umande, ile mirefu yenye nyavu za baridi zinazokamua maji hewani na kuunywesha mji. Kampuni yake ilipovunjwa, alidhani angepata kazi ndani ya wiki mbili. Sasa ulikuwa mwezi wa nane.

Alama haikumsumbua kama kulivyomsumbua kufanana kwake. Arobaini na moja, arobaini, arobaini na mbili, arobaini na moja. Maswali yalibadilika, yeye hakubadilika. Akaketi kwenye benchi la nje na kuanza kuwatazama watu wanaotoka. Wenye mvi walitoka wameinamisha vichwa. Wenye nywele nyeusi walitoka wakipiga simu.

"Samahani kaka, umepata ngapi?" alimuuliza mwanamume mmoja wa makamo.

"Thelathini na tisa. Na mitambo niliyoulizwa humo nimeijenga mimi."

Kuanzia hapo Eliwaza hakuliamini tena Pazia. Alishuku kiti, kwamba kinapima uzito wa mifupa. Alishuku sakafu, kwamba inasikia hatua. Siku moja aliingia na viatu vya raba, siku nyingine akavaa glavu. Arobaini na moja. Wifi yake, aliyekuwa akiishi naye, alimwambia apumzike, asije akarukwa na akili. Eliwaza akakubali, lakini moyoni akamshuku hata wifi.

Mara ya kumi na mbili alikuwa amechoka. Msaili-mashine aliuliza, "Alfajiri, kipimo kinaonyesha shinikizo la tangi limepanda ghafla. Utafungua vali ipi kwanza?" Eliwaza alilijua jibu: hufungui hata moja. Kwanza unakwenda kukikwangua kipimo chenyewe, maana vumbi la Dodoma hukiziba kikadanganya. Lakini hasira zilimpanda, akajibu kabla swali halijaisha: "Ya chini!" Jibu hilo lingemwaga maji ya kata nzima. Akaendelea hivyohivyo hadi swali la kumi na mbili, akiropoka upesi, mengine akiyakosea kwa makusudi.

Kikaratasi kikatoka. Sabini na nne.

Alikitazama mpaka tarakimu zikacheza machoni. Kisha akaenda moja kwa moja kwa Petro Chilongani.

Chilongani alikuwa mtunzaji wa Pazia katika Nyumba ya Ajira. Miaka ya nyuma, alipotoka chuoni, Eliwaza ndiye aliyemfundisha kazi mnarani.

"Shikamoo mama," alisema akiinuka.

"Marahaba, Petro. Mtambo wako unahesabu sekunde."

"Pazia halijui umri wa mtu, mama. Sheria..."

"Halijui, lakini linaunusa. Mtu mzima akiulizwa hufikiri kwanza. Nimefikiri, nikapata arobaini na moja. Nimeropoka upuuzi, nikapata sabini na nne." Akakibamiza kikaratasi mezani. "Alama ya upuuzi siitaki. Nani amelifundisha hivyo?"

Chilongani aliufunga mlango, na tendo hilo likamzidishia Eliwaza shaka. Kwa nini afunge?

"Hakuna aliyelifundisha kuhesabu sekunde," alisema kwa sauti ya chini. "Lilisikilizishwa saili za zamani, za enzi ambazo watu walisailiwa na watu. Elfu sitini. Likaambiwa: hawa waliajiriwa, hawa walikataliwa, jifunze tofauti yao. Tofauti lililoiona ni kimya kabla ya jibu. Waliokaa kimya zaidi ya sekunde nne walikataliwa karibu wote."

"Na waliowakataa ni nani? Nataka majina."

"Mama, achana na hilo."

"Unamlinda nani, Petro?"

Kijana huyo wa zamani, ambaye sasa naye alikuwa na watoto watatu, aliivuta skrini karibu. "Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako," alisema, akaigeuza skrini.

Majina yalikuwa mia mbili na kitu. La thelathini na moja lilisomeka: E. Mbwambo, Minara ya Kusini, saili mia mbili na kumi na mbili.

Eliwaza aliwahi kuwasaili mafundi wa kampuni yake, lakini akadhani ni hila. Akaomba asikilizishwe usaili mmoja. Chilongani alichagua usaili wa miaka kumi na saba iliyopita, wa fundi aitwaye Lutengano Mwakalinga, aliyekuwa na umri wa miaka hamsini na minne. Sauti ya Eliwaza mwenyewe, nyepesi na yenye haraka, ikauliza juu ya shinikizo na vali. Kikafuata kimya. Saa ya skrini ikahesabu sekunde sita. Kisha mwanamume yule akauliza, "Jana kulivuma vumbi? Kama lilivuma, ningeanza kukikwangua kipimo."

"Asante mzee, tutakupigia," ilisema sauti ya Eliwaza.

Chini yake palikuwa na maelezo aliyoyaandika kwa mkono wake: Mzito.

Hakumkumbuka mtu huyo. Alijaribu, akashindwa. Hakuwa amemkataa kwa sababu ya miaka yake. Angeapa hivyo mbele ya yeyote. Alimwona mzito tu, basi.

"Ukilipeleka shauri hili Baraza la Kazi," alisema Chilongani, "watataka mfano. Jina lako litasomwa. Ndiyo maana nilifunga mlango."

"Na lisomwe."

Lilisomwa. Baraza la Kazi lilisikiliza kwa siku mbili. Eliwaza alisimama mbele ya watu waliojaza ukumbi, wengi wao wenye mvi, akawasikilizisha usaili ule kisha akausoma uamuzi wake mwenyewe kwa sauti. Mtu mmoja nyuma akaguna kwa chuki. Hakumlaumu. Baraza liliamuru Pazia lizibwe sikio: lisipokee muda, lipokee majibu pekee. Wiki tatu baadaye Eliwaza aliketi tena kwenye kiti kile, akafikiri kadiri alivyotaka, akapata themanini na sita. Minara ya Mashariki ikamwita kazini.

Kabla ya kuripoti, alipanda gari la angani hadi Mpwapwa. Anwani alipewa na Chilongani.

Mzee Lutengano alikuwa uani akimenya mihogo. Alipoona mgeni aliyevaa kiofisi, aliweka kisu chini taratibu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Sikutumwa na mtu. Naitwa Eliwaza Mbwambo. Uliwahi kuja kwangu kuomba kazi ya minara."

Uso wa mzee ulikunjamana. "Niliomba kwingi. Unataka nini?"

Akamweleza yote akiwa amesimama, kwa kuwa hakukaribishwa kiti. Sekunde sita, kipimo, neno aliloliandika. Alipomaliza alisema, "Jibu lako lilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekosea. Naomba radhi, mzee wangu."

"Lilikuwa sahihi?"

"Lilikuwa sahihi kabisa. Ndilo ninalowafundisha wengine."

Mzee alifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena. "Bawabu wa ofisi yenu aliniambia niliandikwa mzito. Nikarudi nyumbani nikasema, basi, akili imeanza kuniacha. Nikagawa zana zangu. Toka siku ile sijaamua jambo bila kumuuliza mke wangu mara mbili. Hata bei ya mihogo. Nilihofia kichwa changu." Akamkazia macho, bado hamwamini. "Unasema nilikuwa sawasawa?"

"Ulikuwa sawasawa."

Akageukia mlango wa nyumba, akamwita mkewe kwa sauti iliyokwaruza: "Mama Atupele! Acha hicho unachofanya, njoo!" Kisha akamvutia Eliwaza kigoda, akakipangusa kwa kiganja.

"Kaa hapa. Anakuja. Sema tena vilevile, asikie na yeye."