Madoa Yasiyozungushiwa Chaki

"Hukusafisha chini, fundi. Ulikimbilia kupaka tu," mama alisema, huku akibandua kwa ukucha kipande kingine cheusi.

Fundi wa lami alisimama mbele yake, kofia mkononi. "Dada, nilisugua kila doa lenye chaki. Lisilo na chaki ningelijuaje, na lami yote imejaa vumbi?"

"Macho yako yalikuwa wapi?"

Walikuwa kwenye uwanja wa kuegesha magari, nyuma ya jengo la ghorofa nne. Mama ndiye msimamizi wa jengo hilo. Binti yake wa miaka kumi na miwili alishika ndoo kando yake. Kila Jumamosi walilikagua jengo pamoja: taa za ngazini, mabomba, mifereji. Leo ilikuwa zamu ya uwanja. Fundi na vibarua wake wawili walikuwa wameipaka lami kuukuu mpako mweusi wa kuikinga na jua na mvua, nao ulikuwa umeachwa siku mbili ukauke.

Mama hakuwa mtu wa kutazama weusi akaridhika. Alipitisha leso nyeupe juu ya mpako, ikatoka safi. Akamwaga maji, yakateremka mferejini bila kutuama. Akapiga magoti kuchunguza nyufa, akakuta zimezibwa vizuri. Uso wake ulikuwa umeanza kulegea, mpaka walipofika pembeni, karibu na mapipa ya taka. Hapo mpako ulibanduka kama gamba la kidonda kilichopona. Chini yake, oili ya magari.

Sasa alikataa kutia sahihi karatasi ya kuipokea kazi. Tena alisema majengo mengine mawili anayoyasimamia atayatafutia fundi mwingine. Vibarua wakatazamana. Kazi hiyo walikuwa wameisubiri miezi mitatu.

Binti alijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Mpako haushiki juu ya oili, ndiyo maana mama alikuwa na utaratibu wake: siku moja kabla ya kupaka, mtu huzungushia chaki kila doa, kisha mafundi hulisugua kwa sabuni na brashi ngumu. Safari hii chaki alipewa yeye. Alizungushia madoa yote ya upande wa mbele. Kwenye mapipa kulikuwa kunanuka, na wenzake walikuwa wakimwita kuruka kamba. Akamwambia mama amemaliza.

Akinyamaza, lawama itabaki kwa fundi. Aliitazama ile kofia inavyozungushwa mkononi, akaweka ndoo chini.

"Mama, ni mimi. Huku sikufika na chaki. Nilikudanganya."

Mama alimkazia macho. "Kwa hiyo nimemfokea mtu bure."

"Ndiyo, mama."

Mama hakupiga kelele. Alimgeukia fundi akamwomba radhi palepale, mbele ya vibarua wake, bila kuzungukazunguka. Fundi alishusha pumzi, akacheka. Alisema hata yeye ana sehemu yake ya lawama, kwani pua yake ingeigundua ile oili kama isingezidiwa na mapipa. Kisha akainama kumtazama binti.

"Asante, mwanangu. Ungekaa kimya, leo ningerudi nyumbani na jina baya."

"Nisamehe, mjomba," binti alisema, machozi yakimlengalenga.

"Futa machozi unisikilize," mama alisema. "Weusi wa juu kila mtu anaweza kuupaka. Kazi nzuri inaanzia chini, pasipoonekana, na huko tunategemeana kuambiana kweli. Ukisema umemaliza, mwenzako anajenga juu ya neno lako. Umechelewa kusema, lakini umesema, na nakushukuru. Kalete chaki."

Binti alitoka mbio. Aliporudi alizungushia madoa yote ya pembeni, kila mpako ulipobanduka, kumi na moja, hata yaliyojificha nyuma ya mapipa. Kibarua mmoja akauliza kama na mapipa yenyewe hayafai kuzungushiwa chaki, maana yanachafua hewa. Hata mama akacheka.

"Majengo yale mawili ni yako, fundi," mama alisema, akikunja mikono ya blauzi. "Anza Jumatatu. Hapa tutasugua mimi na huyu. Wewe kapumzike, utakuja kupaka pakikauka."

Fundi alivaa kofia yake, lakini hakwenda kupumzika. Alikwenda kuchukua brashi ya tatu. Binti alikuwa ameshapiga magoti kwenye doa la kwanza, povu limemfika viwikoni.