Sahani Isiyotiwa Chumvi

Ijumaa hiyo, tarehe saba Novemba 2014, Sabra alitoka nyumbani kwake, mtaa wa Najma mjini Doha, jua likizama, akaenda kuchukua karatasi za safari. Hakuwa na haraka. Duka la Nahashon lilikuwa mtaa wa pili tu, limebanwa kati ya kinyozi na muuza simu. Kazi ya Nahashon ilikuwa kuwajazia watu fomu na kuwachapia: viza, mikataba, barua za kuomba likizo. Alikuwa Mkenya mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi.

Safari ilikuwa ya Australia, upande wa magharibi. Miaka miwili nyuma, katika hoteli ya West Bay alikokuwa msimamizi wa mashuka na taulo, mgeni mmoja aliacha jarida chumbani. Ndani yake mlikuwa na picha: udongo mwekundu kama tofali ukishuka mpaka kwenye mchanga mweupe, na mbele yake bahari ya samawati. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Sabra aliukata ukurasa ule kwa mkasi, akaukunja mara nne, akauweka kwenye daftari lake. Tangu siku hiyo alikuwa akipanga. Wangetua Perth, wakodi gari, wapande kaskazini siku tano kwa nyika na pwani hadi mji wa Broome, ambako watalii hupanda ngamia ufukweni.

Zuberi, mumewe, alikuwa dereva, na hizo siku tano za barabara tupu ndizo zilizomvuta. Kuhusu ngamia alicheka mpaka akakohoa. Alisema ni wao peke yao duniani watakaotoka Qatar, wavuke bahari nzima, wakatazame ngamia.

Walikuwa wakienda watatu: Sabra, Zuberi, na Warda, mdogo wake Sabra, aliyekuwa akilea watoto wa watu kwenye nyumba moja kule Umm Salal.

Nahashon alimsukumia karatasi juu ya meza.

"Hizi hapa, dadangu. Watu wanne. Nimepanga kila siku na mahali pa kulala."

"Watatu," alisema Sabra.

"Wanne. Si yule mzee wenu alipitia hapa mchana akasema aongezwe?"

Sabra aliisoma karatasi tokea juu, kama alivyosoma kila kitu, mstari kwa mstari. Jina lake. La Zuberi. La Warda. Mstari wa nne haukuwa na jina la mtu anayesafiri. Ulikuwa na majina ya waliokufa.

Wa Hamad, wa Kombo, wa Shaame, wa Faki, wa Makame, wa Khatib, wa Mbwana.

Mababu saba, kwa mpangilio ule ule wa daftari lake.

Alimuuliza Nahashon huyo mzee alikuwaje. Nahashon akasema ni mzee tu, kanzu nyeupe, mpole, ananukia vitu vya pilau. Jina lake mwenyewe hakulitaja. Aliorodhesha hayo saba bila kusita, akasema yanatosha.

"Nikamwambia, mzee wangu, bila passport hii kitu haiendi. Akasema pasi si shida, atatumia ya mmoja wenu." Nahashon alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha taratibu. "Mimi nilicheka. Yeye hakucheka."

*

Kwao Sabra ni Wete, Pemba, na kwao kuna sahani.

Mtu wa ukoo akisafiri kwa haja, yaani kazi, ugonjwa, maziko au hija, hakuna neno. Lakini wakitoka kwa furaha yao tu, kwenda kutembea na kucheka, lazima kizingitini iwekwe sahani ya wali mweupe usiotiwa chumvi, na juu yake karafuu saba mbichi. Ni ya Mwenyewe. Jina jingine hapewi. Kila magharibi sahani hubadilishwa, mpaka wasafiri warudi, na wa kuibadilisha ni binti mkubwa. Yeye haendi popote. Yeye ndiye mlinda sahani.

Bibi yake Sabra aliilinda. Mama yake aliilinda. Naye Sabra aliilinda tangu ana miaka kumi na minne. Wenzake walikwenda Unguja kwenye sikukuu, yeye akabaki na sahani. Warda aliolewa Dar es Salaam, sherehe ya siku nne, na Sabra akaiona harusi ya mdogo wake kwenye picha. Alikuja Doha kwa sababu kazi ni haja. Alikuwa na miaka arobaini na tatu, na hajawahi kutoka nyumbani kwa furaha hata siku moja.

Na sahani isipowekwa? Hilo nalo lilikuwa kwenye daftari, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Mwaka 1958 Zuhura, ndugu yake bibi, alikwenda harusini Tanga na wenziwe watatu, kwa siri. Walikwenda wanne, wakarudi wanne. Lakini aliyerudi kwa sura ya Zuhura hakuwajua babu zake hata mmoja, na chumvi hakuionja tena. Waliishi naye miaka ishirini na mitatu. Hakuna aliyemuuliza kitu. Alipokufa, mwosha maiti alitoka chumbani mapema mno, akasema kazi imekwisha, na hakurudi tena nyumba ile.

Mwenyewe huenda na wasafiri. Halafu hurudi badala ya mmoja wao.

Mama alipiga simu wiki nzima kutoka Wete. Hakugomba. Aliomba tu Sabra awaache wenzake waende, apike sahani, abaki. Ni siku kumi na nane tu, alisema, na yeye amekwisha kuzoea.

Neno hilo la kuzoea ndilo lililomkwama Sabra kooni.

"Safari hii, mama, sibaki," alimwambia, akakata simu. Katika maisha yake yote hakuwa amemkatia mama yake simu.

*

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha alipofika kwenye jengo lao. Ngazi zile kwa kawaida hunuka biriani, vitunguu na sabuni ya kufulia. Jioni hiyo hazikunuka vitu hivyo.

Karafuu.

Si karafuu kavu za dukani. Karafuu mbichi, zile za kwenye mkeka, siku ya kwanza tangu kuchumwa. Hakuwa ameisikia harufu hiyo tangu aondoke Pemba.

Alisimama mbele ya mlango. Zuberi alikuwa kazini mpaka saa mbili. Kufuli lilikuwa kama alivyoliacha. Alifungua, akaingia, akaacha mlango wazi nyuma yake.

Chumba chao kiligawanywa na pazia: huku jiko na meza, kule kitanda. Taa haikuwashwa. Nyuma ya pazia kulikuwa na sauti ndogo, kavu...

Shara.

Kimya.

Shara.

Mtu alikuwa akifunua kurasa.

Sabra alishika ukingo wa meza. Alifikiri kushuka ngazi akaite watu. Kisha akafikiri kwamba akishuka leo, atakuwa ameshuka maisha yake yote.

"Assalamu alaykum," alisema.

Salamu haikujibiwa. Kurasa zilinyamaza.

"Sahani yangu iko wapi?"

Ilikuwa sauti ya mzee, ya upole, iliyonong'ona kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

"Hakuna sahani."

"Basi baki."

"Sibaki."

"Basi nakwenda." Pazia lilijaa kidogo, kama tanga, na dirisha lilikuwa limefungwa. "Mimi ni wa nyumba hii kabla yako. Mimi ndiye mwenyewe."

Hapo ndipo hasira ilipomjia Sabra, na hofu ikasogea kando kuipisha. Tangu ana miaka kumi na minne alimpikia huyu. Miaka nenda miaka rudi alikaa kizingitini na sahani, akisikia vicheko vya wenzake vikipotea njiani.

"Wa nyumba hii huwajua watu wa nyumba hii," alisema. "Wataje."

Sauti ilianza kuwataja, bila pupa. Hamad. Kombo. Shaame. Faki. Kila jina lilipotoka, chumba kilizidi baridi, na harufu ikazidi mpaka ikawasha macho.

"Makame," ilisema sauti.

"Rudia."

"Makame."

Sabra alicheka. Kicheko kilimtoka chenyewe, kifupi, kikavu.

"Hakuna Makame kwetu," alisema. "Nimemtunga mimi, kwa wino wa bluu, mwaka themanini na tisa. Bibi alinifundisha: anayetunza majina ya ukoo asiyaandike yote. Andika moja la uongo, la kweli liweke kifuani. Wewe hukumjua babu yetu wa tano. Umesoma tu daftari langu. Wewe si mwenyewe. Wewe ni mdokozi wa wali."

Kurasa zikaanza kufunuliwa. Shara, shara, shara... mbele, nyuma, mbele, upesi, upesi zaidi, kama mtu aliyepoteza kitu ndani ya nyumba inayowaka.

"Ni nani?" ilinong'ona sauti, na sasa haikuwa ya mzee. "Wa tano ni nani?"

"Katafute."

Alilivuta pazia kwa mkono mmoja.

Kitanda. Mto. Daftari limefunuliwa juu ya shuka, na kwenye ukurasa wa mababu, pale palipoandikwa Makame, karatasi ilikuwa na tundu dogo, mbichi kingo zake, kama lililotafunwa.

*

Zuberi alisikiliza yote akiwa bado na funguo za gari mkononi. Hakumcheka. Alisema Najma imejaa watu wa Pemba, na yumkini kuna mzee aliyechoka akili anayeijua Wete na watu wake. Panya nao wapo, karatasi wanakula. Sabra alisema huenda. Kisha akamwomba afanye jambo moja atakalomweleza siku ya safari, na Zuberi, aliyemwona mkewe akinyamaza kwa miaka kumi na saba, akakubali bila kuuliza.

Siku ya safari, uwanjani, wakiwa kwenye foleni, Sabra aliweka mdomo kwenye sikio la mumewe akamwambia jina la babu wa tano. Kisha akafanya hivyo kwa Warda. Aliwaeleza kwamba kila jioni atawauliza mmoja mmoja, faraghani, nao watamjibu kwa kunong'ona. Warda alisema hiyo ni mitihani, si likizo, na kwamba dada yake angefaa kuwa askari wa uhamiaji. Lakini alilirudia jina mara mbili, vizuri.

Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu. Sabra hakugeuka. Alihisi tu, kwa kitambo kidogo, harufu ya karafuu katikati ya manukato ya watu na mafuta ya nywele... Akaamua hakuhisi kitu.

Na nchi ile ilikuwa kama picha, na kupita picha. Barabara ilinyooka mpaka ikayeyuka kwa joto. Vichuguu virefu kuliko mtu. Jua asubuhi, jua mchana, jua mpaka likuombe ruhusa kuzama. Zuberi aliendesha akiimba. Sabra alivua viatu, akatembea juu ya udongo mwekundu mpaka mchanga mweupe, akaingia baharini na nguo zake, akalia kidogo pale ambapo maji yangemfichia. Kila jioni aliuliza jina. Kila jioni walijibu sawa.

Jioni ya mwisho Broome walikula samaki kwenye meza ya mbao juu ya ufuko, ngamia wakipita chini kwa mstari. Zuberi alilitaja jina la babu kwa kunong'ona. Warda naye akalitaja, upesi, bila kosa. Kisha Zuberi akamtazama mkewe kwa ucheshi.

"Na wewe, bibie? Wewe nani anakuuliza?"

"Mimi siulizwi," alisema Sabra. "Mimi ndiye ninayeuliza."

Zuberi akacheka, akamsukumia kipakiti cha chumvi. Sabra alikichana, akamimina chote juu ya samaki wake, akala bila kuyatoa macho usoni pa mumewe, mpaka Zuberi akainua mikono kukubali kushindwa. Samaki alikuwa na chumvi ya kutoa machozi. Ilikuwa tamu.

Hapo ndipo macho yake yalipotua kwenye sahani ya Warda. Samaki alikuwa ameliwa nusu. Kipakiti cha chumvi kilikuwa chini ya ukingo wa sahani, kizima, na kando yake kingine, na kingine. Vya leo, vya jana, labda na vya juzi. Mtu alikuwa akivikusanya.

Warda alikuwa akitazama ngamia.

Upepo ulitoka baharini, na haukunuka bahari.

Sabra alinyoosha mkono, akachukua kipakiti kimoja, akakichana kwa meno. Akammiminia mdogo wake juu ya samaki, taratibu, mpaka punje ya mwisho, kisha akaisogeza sahani karibu naye.

"Kula," alisema.

Akaweka mikono yake miwili juu ya meza, akasubiri.