Muhuri wa Binti Himuro

Milango ilikwisha kufungwa na treni imeanza kuondoka stesheni ya Osaka, ndipo Himuro Chiharu alipoona furushi lake limebaki kwenye benchi. Akabandika kiganja kwenye kioo. Nje, kijana mmoja mwenye sare ya kijivu ya mafundi wa lifti alikuwa ameliona pia. Alilinyakua akakimbia sambamba na behewa, akiliinua juu ya kichwa kama mtu anayeokoa mtoto kwenye mafuriko. Chiharu akamwonyesha kidole chini: hapo hapo. Treni ikapinda, wakapoteana.

Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini, jukwaa limejaa miavuli iliyolowa. Kijana aliketi na furushi mapajani. Treni yake mwenyewe ikaja, ikaenda, na ya pili yake pia. Chiharu alishuka Tenma, kituo kinachofuata, ambapo ndipo kwao hasa, akavuka upande wa pili akarudi. Akamkuta amekaa vile vile, magoti pamoja, kama mgeni ukweni.

"Hujafungua?" akamuuliza.

"Si langu."

"Ungekuwa mtu wa hapa Osaka ungeshajua mna nini na bei yake."

"Natoka Niigata."

"Nimeona. Theluji imewagandisha mpaka midomo."

Kijana akacheka bila sauti. Kisha, baada ya kufikiri, akasema, "Una penseli kichwani."

"Najua. Ndiyo inayoshikilia akili."

Nywele alikuwa amezisokota nyuma, penseli ikapita katikati. Koti lake lilikuwa la buluu nzito, vidole vina wino mwekundu usiotoka kwa sabuni. Akalifungua furushi mbele yake: visu vyembamba vya kuchongea, vimefungwa kwa kitambaa cha pamba, vimetoka kunolewa mjini Sakai. Vya baba yake. Akasema kama vingepotea, mzee angeanza kwa kumchonga yeye.

Kijana aliitwa Nirasawa Tetsuro. Kwao jina la ukoo hutangulia, na hilo la ukoo ndilo lililokuja kuwatesa.

Walipendana polepole, kwa sababu Tetsuro alifanya kila kitu polepole. Alimpigia simu kutoka juu ya majumba, akiwa anasubiri lifti ijaribiwe. Chiharu humuuliza yuko ghorofa ya ngapi leo, humwambia asianguke kabla hajamnunulia chakula alichomwahidi. Siku za mapumziko walitembea kwenye soko refu lenye paa, wakala pweza wa moto waliounguza ndimi zao, Chiharu akamfundisha kubishania bei. Hakujifunza. Wauza samaki wakawa wanamwita Bwana Theluji, na Chiharu akilisikia hilo hujifanya amekasirika.

Duka la Himuro lilikuwa ndani ya soko hilo, jembamba kama kabati. Vizazi vitano vilichonga mihuri pale, ya pembe na ya mti mgumu wa njano, maana nchi ile mtu bila muhuri wa jina lake alikuwa hapangi nyumba, hafungui akaunti benki, haoi. Sasa iko desturi moja. Binti akikua, wazazi humchongea muhuri wenye jina lake tu. La ukoo huachwa, kwa kuwa hilo litakuja na mume. Mzee Himuro alichonga mihuri ya namna hiyo kwa mabinti wa watu mpaka macho yakachoka. Ila wa binti yake mwenyewe, mtoto wake wa pekee, aliuchonga majina yote mawili: Himuro Chiharu. Alimpa tu kwenye kikasha, na Chiharu akaelewa kwamba jina la duka limewekwa kwenye mkono wake.

Sheria ya nchi haina kona. Mume na mke huandikwa jina moja la ukoo, la mmoja wao, mawili hayakai ndoa moja. Mwanamume anaruhusiwa kuchukua la mke. Wanaolichukua ni wachache. Wawili walioletwa kumposa Chiharu walielezwa mapema kwamba watakuwa akina Himuro, wakamaliza chai, wakainama kwa adabu, hawakuonekana tena. Kwa huyu wa tatu, ambaye hakuletwa na mtu, Chiharu aliogopa. Kila mwezi alijiambia atamwambia mwezi ujao.

Tetsuro akatangulia. Jioni moja alimpeleka kwenye kibanda chini ya reli, mahali wanapokaanga kabichi na unga kwenye bamba la chuma katikati ya meza. Alivaa shati jipya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Chiharu alivaa gauni la rangi ya zabibu lililokuwa la marehemu mama yake. Kijana akasukuma kikasha kidogo kando ya bamba. Chiharu alidhani pete. Ndani mlikuwa na muhuri wa pembe nyeusi, umeandikwa Nirasawa Chiharu.

Aliugeuza kwenye mwanga muda mrefu.

"Nani kauchonga?"

"Duka moja karibu na kazini. Nilitaka kukushtukiza, mpenzi. Kwa baba yako nisingeweza kuagiza."

"Ni mashine. Mistari yote unene mmoja."

"Nisamehe. Lakini hilo jina..."

"Jina nimelisoma." Akauweka chini. "Mimi nikiwa Nirasawa, Tetsuro, nani atakuwa Himuro?"

Kabichi ikaanza kuungua, hakuna aliyeigeuza.

"Hukuniambia," akasema Tetsuro.

"Hukuniuliza. Ulikwenda kwa mtu mwingine ukanichongeshea."

"Na mimi kwetu ni peke yangu. Yupo mama na kaburi la baba, basi."

"Basi tumeshajibiwa."

Akaufunika muhuri, akaurudisha upande wake wa meza, akachukua koti. Tetsuro akabaki na chakula cha watu wawili, na kwa kuwa kwao hawatupi chakula, alikila chote kilivyoungua.

Baada ya hapo Chiharu hakupokea simu za Tetsuro. Majira ya baridi yakapita. Siku moja Tetsuro akapiga simu ya duka.

"Duka la Mihuri la Himuro, tukusaidie nini?" Ilikuwa sauti yake ya wateja, laini, ya mbali.

Nyuma ya Tetsuro upepo wa ghorofani ulivuma.

"Ni wewe," akasema Chiharu.

"Ni mimi."

"Unataka kuagiza?"

"Hapana."

"Basi unazuia laini ya wateja."

Lakini hakukata. Walisikilizana wakipumua, hadi mzee akakohoa nyuma ya duka, na Chiharu akaweka simu chini taratibu.

Agosti, siku ambazo wafu hurudi kutazama nyumba zao, Tetsuro alikwenda kwao milimani. Mama yake, Fumi, mwanamke mfupi mwenye kofia ya majani, alikuwa akimwagia maji jiwe la kaburi. Tetsuro alimweleza palepale. Ndani, mbele ya picha ya baba, asingeweza.

"Anaitwa nani huyo binti?" akauliza mama.

"Chiharu."

"La ukoo. Si ndilo unalonielezea?"

"Himuro."

Mama akachota maji tena. "Mimi nilikuwa Maruyama. Unajua?"

"Najua, mama."

"Unajua. Uliwahi kuniuliza nililiachaje?"

Tetsuro akamsogezea ndoo.

"Niliandikishwa Jumatatu. Jumanne bibi yako akaniita kwa jina la kwenu, sikugeuka, akadhani nina kiburi. Hakuna aliyemlilia Maruyama. Leo nikikuzuia wewe kwa ajili ya Nirasawa, huyo msichana nitamtazama kwa macho gani?"

"Na hili kaburi?"

"Kaburi huoshwa kwa mikono, mwanangu, halioshwi kwa jina. Utakuja?"

"Nitakuja."

"Sijasema nafurahi," akasema mama, amempa mgongo. "Usimwambie nimefurahi. Nitalia mpaka theluji ianguke. Usinisikilize."

Tetsuro alirudi Osaka kwa treni ya asubuhi, akaenda moja kwa moja sokoni na begi lake, viatu vina udongo wa makaburini. Mzee Himuro alikuwa ameinamia kazi, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni.

"Karibu. Jina gani?" akauliza bila kuinua kichwa, anavyomuuliza kila mtu.

"Himuro."

Kisu kikasimama. "Himuro nani?"

"Tetsuro."

Mzee akaondoa kioo jichoni. Kisha akaita kwa sauti ile ile ya kazi, "Chiharu, njoo mbele. Kuna mteja ana wazimu."

Chiharu akatokea na aproni yenye madoa mekundu, penseli kichwani. Alipomwona alishika ukingo wa meza.

"Mama yako kasemaje?"

"Kasema nisikuambie amefurahi."

Chiharu akakaa kwenye kigoda. "Ukilichukua, halirudishwi. Watu watasema umeoa duka."

"Waseme."

"Nawe utasema, siku ukinichoka."

"Siku hiyo nikumbushe ule muhuri wa mashine. Nitanyamaza."

Chiharu akataka kucheka, machozi yakamtangulia. Tetsuro akatoa mfukoni muhuri wake mwenyewe wa Nirasawa, akauweka mbele ya mzee kwa mikono miwili. Mwezi wa kumi wachonga mihuri hukusanya mihuri isiyo na mwenyewe, huisomea dua, huichoma. Alitaka na wake uwemo. Mzee akausogeza kando kwa kidole kimoja, ukarudi kwa mwenyewe.

"Hapa tunachoma ya waliokufa," akasema. "Hili jina, mama yake bado yu hai."

Walijiandikisha ofisi ya kata siku ya mvua. Karani aliwapa pongezi bila kuwatazama. Muhuri wa Himuro Tetsuro aliuchonga Chiharu. Baba yake alirekebisha mstari mmoja.

Mzee Himuro alifariki baadaye, akiwa usingizini. Serikali ikaja kutangaza kwamba karatasi zake nyingi hazihitaji tena muhuri, wateja wakapungua, na duka likafungwa. Leo pale wanauza makasha ya simu. Visu vimo kwenye droo jikoni. Chiharu huchonga nyumbani, kwa wachache wanaomtafuta. Tetsuro bado anatengeneza lifti, na wenzake wa zamani bado humwita Nirasawa. Hajawahi kusema kwamba alioa duka.

Fumi alizikwa kaburi moja na mumewe, na muhuri wa zamani wa mwanawe ukawekwa naye. Kijijini hakuna Nirasawa tena. Kila Agosti Tetsuro huenda na ndoo.

Walipata mtoto mmoja, wa kike. Alipotimiza miaka ishirini, mama yake alimchongea muhuri wa mti wa njano. Una jina lake tu: hana duka la kubeba.