Kiapo cha Bombani

Kila asubuhi kabla ya shule, watoto na wakubwa wa mtaa wa Muthurwa walipanga madebe kwenye bomba la pamoja. Ukishaweka debe lako, unaweza kwenda zako. Debe linakushikia nafasi. Ole wako uguse la mwenzako!

Siku hiyo maji yalitoka kwa shida. Shamsia alikuwa amechelewa, na mwalimu wa zamu hakuwa na mchezo. Akatupa jicho huku na huku, akalivuta nyuma debe la Mama Nerima, akaweka lake. Alipomaliza tu kujaza, bomba likakauka.

"Nani amesogeza debe langu?" Mama Nerima alilia. "Nina mtoto mchanga anaharisha, jamani!"

Zogo likaanza. Wakristo wakaapa, "Haki ya Mungu!" Waislamu wakaapa, "Wallahi!" Naye Shamsia akaapa kwa sauti kuliko wote. Mtoto gani huyu!

Akabaki Mzee Kiilu, fundi wa reli, asiyeonekana kanisani wala msikitini.

"Mimi sijaligusa."

"Apa!" akafoka Baba Caleb.

"Niape kwa nani? Mnajua siendi popote kusali. Sijaligusa, basi."

"Mnamwona? Hana Mungu, atashindwaje kuonea watu? Kuanzia leo asichote maji hapa!"

Mzee Kiilu akabeba debe lake tupu, akaenda zake.

Shuleni Shamsia hakusikia somo hata moja. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Jioni aliingia na kutoka, mpaka mama yake, Bi Muhiba, akachoka.

"Una nini wewe? Unazunguka kama kuku anayetaka kutaga!"

Shamsia akaangua kilio, akasema yote. Bi Muhiba akamshika mkono, akampeleka moja kwa moja hadi bombani, na hapo, mbele ya majirani, Shamsia akakiri.

"Nisamehe, babu," alimwambia Mzee Kiilu, aliyekuwa ameitwa. "Lakini kama husali, ni nini kilichokuzuia wewe kulisogeza debe lile?"

Mzee akamshangaa. "Mtoto wa mwenzangu anaumwa, anahitaji maji. Nizuiwe na nini tena?"

Baba Caleb akainamisha kichwa, akamwomba radhi.

"Mimi nitasali mpaka nife, nawe utasali nami," Bi Muhiba akamwambia binti yake. "Lakini usidhani wema ni mali yetu tu sisi tunaosali. Wewe umelitaja jina la Mungu kufunika dhuluma. Yeye hakulitaja, na hakumdhulumu mtu. Sasa beba debe letu la maji umpelekee Mama Nerima. Ukirudi, ndipo utatawadha."